Kofia ya Baiskeli kwa Jua na Mvua ya Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa nini nivae kofia ya kitambaa ilhali tayari nina helmeti kichwani?

Helmeti ya baiskeli hutobolewa makusudi ili upepo upite na kupoza kichwa, na matundu hayohayo yanayoingiza upepo ndiyo yanayoingiza mvua ya Aprili na jua la Februari. Kofia nyembamba inayovaliwa chini yake hufanya kazi tatu kwa pamoja: ukingo wake wa mbele huzuia matone yasiyagonge macho, kitambaa chake hunyonya jasho kabla halijateremka kwenye nyusi, na sehemu yake ya juu huwakinga wenye vipara, nikiwemo mimi, wasirudi nyumbani na madoa ya kuungua jua yaliyofuata ramani ya matundu ya helmeti.

Kihistoria, kofia ndiyo iliyotangulia. Waendeshaji wa mashindano ya Ulaya walivaa kofia za pamba zenye majina ya timu zao kwa miongo mingi, hadi mwaka 2003, ambapo shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, lilifanya helmeti kuwa ya lazima baada ya kifo cha Andrei Kivilev aliyeanguka katika mbio za Paris-Nice. Tangu hapo kofia imehamia chini ya helmeti, lakini umbo lake fupi, lenye ukingo mdogo unaoweza kukunjwa juu, halijabadilika sana.

Je, ninunue kofia isiyopenya maji hata tone moja?

Kwa safari nyingi za Nairobi, hapana, na hili ndilo kosa ambalo wanunuzi wengi hulifanya kwa nia njema. Kofia isiyopenya maji kabisa hushonwa kwa kitambaa chenye utando ndani yake, mfano wake maarufu ukiwa ule wa Gore-Tex, wenye vitundu vidogo mno kiasi kwamba tone la maji halipiti ila mvuke wa jasho hupita. Utando wa aina hiyo hufanya kazi vizuri zaidi penye baridi na hewa kavu, kwa kuwa mvuke hutoka upande wenye joto na unyevu mwingi kuelekea upande wenye unyevu mdogo. Mvua za Nairobi mara nyingi hushuka alasiri au usiku, hewa ikiwa imekwisha kujaa unyevu, na mtu anayepanda mlima kutoka Museum Hill kwenda Westlands hutoa jasho jingi kuliko utando unavyoweza kulipitisha. Nywele zake hulowa kwa ndani badala ya kulowa kwa nje, na maji ya chumvi yakiingia machoni huwasha kuliko maji ya mvua.

Kinachohitajika zaidi ni kofia inayokinga rasharasha, inayochelewesha mvua kubwa kwa dakika kumi au kumi na tano unapotafuta pa kujibanza, na kisha inayokauka upesi jua linaporudi, kwani hapa kwetu jua hurudi. Kwa ile mvua ya masika inayogeuza barabara kuwa mto, kofia haina uamuzi wowote: anayejua njia zake husimama chini ya daraja pamoja na waendesha bodaboda, akangoja.

Wapo wanaostahili kofia yenye utando hata hivyo. Mtu anayeondoka nyumbani Limuru alfajiri, penye ukungu na baridi, ataifurahia, na vilevile mtu ambaye kazi yake haimruhusu kufika na nywele zilizolowa. Mwingine anaweza kuona afadhali mfuniko wa helmeti, unaovalishwa juu ya matundu yote na kutolewa mvua ikikatika. Zamani watu walifunga mfuko wa plastiki juu ya helmeti wakaendelea na safari, lakini tangu marufuku ya mifuko hiyo ilipoanza Agosti 2017 mbinu hiyo imekwisha, na sidhani kwamba kuna aliyeililia kwa sababu ya urembo wake.

Kwenye lebo kumeandikwa "milimita 10,000". Hiyo ni nini?

Ni kipimo cha uwezo wa kitambaa kuzuia maji. Kitambaa huwekewa mnara wa maji juu yake, na urefu ambao maji hayo hufikia kabla ya kuanza kupenya ndio unaoandikwa. Nambari hiyo ni ya kitambaa peke yake, wala si ya kofia nzima. Kofia ina mishono, na kila tundu la sindano ni njia ya maji, isipokuwa pale ambapo mishono imezibwa kwa utepe upande wa ndani. Igeuze kofia ndani nje: ukiona utepe laini uliogandishwa juu ya kila mshono, muuzaji anasema kweli, ukiona uzi mtupu, nambari hiyo ni ya kupamba lebo tu.

Nitaijaribuje kofia sokoni kabla ya kulipa?

Nenda na chupa ya maji na umwombe muuzaji ruhusa. Angusha matone machache juu ya kofia, ukiwa umeishikilia kwa mshazari kama inavyokaa kichwani. Kwenye kitambaa kilichopakwa dawa ya kufukuza maji, matone hujikunja kama shanga na kubingirika. Kwenye kitambaa kisicho na dawa, hutanda na kuacha alama nyeusi. Hesabu polepole hadi sitini, kisha upapase kwa ndani. Ukikuta pakavu, kofia hiyo inatosha kwa manyunyu ya Julai.

Baada ya hapo weka kitambaa mdomoni na upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita kwa urahisi, kichwa kitapata hewa lakini mvua nayo itapita. Pumzi isipopita kabisa, ujue kuna utando au plastiki. Tofauti ya hivyo viwili mara nyingi huonekana kwa kukunja: kitambaa chenye utando hulia kidogo tu, na kilichopakwa plastiki hulia kama karatasi ya mkate. Hicho cha mwisho kiache hapohapo, kwa sababu kitakupika.

Ni kitambaa gani kinachofaa zaidi?

Pamba ni nzuri, ni laini, hushika rangi na ni rahisi kwa fundi kushona, na ndiyo maana imekuwa kitambaa cha kofia hizi tangu mwanzo. Ubaya wake ni kwamba hunywa maji mengi na kuyashikilia, hivyo kofia iliyolowa asubuhi yaweza kuwa bado mbichi wakati wa kurudi nyumbani ikiwa ilikaa ndani ya begi. Poliesta karibu hainywi maji kabisa, hukauka ikiwa juu ya usukani wakati unakunywa chai, lakini hukusanya harufu, na kofia ya poliesta iliyovaliwa siku tatu mfululizo hujitangaza yenyewe kwenye lifti.

Sufu nyembamba ya kondoo wa merino ndiyo ninayoipendelea kwa miezi ya baridi. Nyuzi zake huweza kubeba unyevu unaofikia takriban asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, hutoa joto hata ikiwa na maji, na hainuki upesi. Watu hushtuka wakisikia sufu ikitajwa mjini hapa, kana kwamba Nairobi ni Mombasa. Jiji hili liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai mtu anayeshuka mteremko bila kitu masikioni hulijua hilo pasipo kuambiwa.

Pamba iliyopakwa nta huonekana ya kifahari na hufukuza maji vizuri. Hata hivyo ni ngumu chini ya helmeti, huacha mafuta kwenye paji la uso siku za joto, na haifuliwi kwa sabuni na maji moto. Ni kofia ya kutembelea zaidi kuliko ya kuendeshea.

Ukingo wa mbele uwe na urefu gani?

Sentimita 5 hivi zinatosha, na hapa ndipo ningemwomba mnunuzi atumie muda wake mwingi, kwa kuwa ukingo ndio unaofanya kazi mvua inaponyesha. Sehemu iliyobaki ya kofia ni ya kuushikilia mahali pake. Mwendeshaji huinama, na ukingo mrefu kama wa kofia ya besiboli humfunika macho, akalazimika kuinua shingo ili aone matatu iliyosimama ghafla mbele yake. Ivae kofia, iname kama unayeshika usukani, kisha uinue macho tu bila kuinua kichwa. Usipoona mlango wa kibanda kilicho mbele yako, ukingo ni mrefu mno.

Jua nalo lina hesabu yake. Mtu anayeishi Karen au Dagoretti na kufanya kazi katikati ya jiji huelekea mashariki asubuhi na kurudi magharibi jioni, kwa hiyo hupigwa na jua la usoni mara mbili kwa siku. Mwenzake wa Donholm huwa nalo mgongoni kwenda na kurudi. Wa kwanza anahitaji ukingo unaoweza kushushwa hadi karibu na nyusi, ilhali wa pili atafaidika zaidi na kofia yenye kitambaa kinachoshuka kufunika kisogo. Upande wa chini wa ukingo uwe wa rangi nyeusi au ya kiza, kwa sababu rangi nyeupe hurudisha machoni mng'ao unaotoka kwenye lami iliyolowa.

Kilichomo ndani ya ukingo ni muhimu vilevile. Kofia yangu ya kwanza niliinunua katika duka moja mjini, nyeusi, ya kupendeza, na mvua ya pili ilipoinyeshea nikiwa Ngong Road ilifichua kwamba ndani mwake mlikuwa na kadibodi. Ukingo ulilegea ukaniangukia puani kama chapati iliyotolewa kwenye mchuzi, na niliporudi dukani niliambiwa kwamba kofia si ya kunyeshewa. Tangu siku hiyo huukunja ukingo karibu na sikio: kadibodi hutoa mlio mkavu na kubaki na alama ya mkunjo, ilhali plastiki nyembamba hujirudi kimya na kukaa sawa.

Kofia itakaaje chini ya helmeti?

Iwe nyembamba, yenye mishono bapa, isiyo na kifungo juu. Kile kifungo kidogo kilicho utosini mwa kofia za kawaida hukandamizwa na helmeti, na ukianguka ndicho kitakachogusa fuvu kwanza. Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, ukiizungusha juu kidogo ya nyusi na kupitia sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi. Watu wazima wengi huwa kati ya sentimita 54 na 61, na kofia yenye lastiki nyuma hukubali tofauti ya sentimita mbili tatu bila shida.

Vaa kofia, kisha helmeti, kaza kile kigurudumu cha nyuma, na utikise kichwa kama anayekataa jambo kwa hasira. Helmeti isisogee. Ikiwa kabla ya kuvaa kofia ilikuwa imekaa sawasawa na sasa imepanda juu ikaacha paji lote wazi, kofia ni nene mno, na hapo unene wa kofia umepunguza usalama ulioulipia ulipoinunua helmeti. Mikanda ya kidevu irekebishwe upya kila unapobadilisha kofia nyembamba kwa ile ya sufu.

Nina misuko au rasta. Je, kofia hizi zitanitosha?

Nyingi hazitatosha, kwa kuwa zilibuniwa kwa vichwa vya nywele fupi za Ulaya. Tafuta iliyo wazi kisogoni, penye nafasi ya kupitisha nywele chini ya lastiki, au mpelekee fundi kofia ya kawaida akate pindo la nyuma na kuweka lastiki pana zaidi. Misuko ielekezwe chini kwenye shingo, isirundikwe utosini, vinginevyo helmeti haitakaa. Kwa anayevaa hijabu, kofia huvaliwa juu ya hijabu nyembamba ya jezi isiyo na pini, kisha helmeti juu yake; tabaka mbili nyembamba zikilala bila mikunjo hazileti shida.

Je, naweza kutumia kofia ya besiboli?

Kwa kwenda dukani, sawa. Kwa safari ya kila siku, hapana: ina kifungo juu, ukingo wake ni mrefu na mpana, na upepo wa lori linalokupita kwenye Mombasa Road huinyanyua.

Nitapataje kofia inayopendeza bila kuonekana kama bango la matangazo?

Kumbuka kwamba helmeti ikishavaliwa, kinachoonekana ni ukingo na ukanda mdogo wa kisogoni. Kwa hiyo mapambo yawekwe hapo, na sehemu ya juu iachwe iwe ya rangi moja nyepesi. Kofia nyeusi tii huvutia dukani lakini hunywa joto; kijivu, kaki, samawati iliyokolea na rangi ya udongo mwekundu hupendeza, na hiyo ya mwisho ina faida ya kuficha matope tunayorushiwa na magari.

Urembo ninaoupenda zaidi ni wa kitenge chini ya ukingo. Ukiushusha, hakuna anayekiona. Ukiukunja juu wakati umefika na kuvua helmeti, kofia hubadilika kuwa ya mwaliko wa chakula cha mchana. Vipande vya kitenge na leso hupatikana Biashara Street, na fundi stadi hahitaji zaidi ya robo mita. Wengine hutaka kutumia sehemu ya leso yenye jina, jambo ambalo ni zuri sana likipangwa, lakini jina la leso ni refu kuliko ukingo, na fundi asipopima utazunguka mjini ukiwa na nusu ya methali juu ya macho.

Jambo moja lisisahauliwe: kitenge kingine huchuja rangi, na jasho huchujisha zaidi kuliko maji matupu. Kabla ya kumpa fundi, lowesha kona ya kitambaa kwa maji ya chumvi, ikandamize juu ya kitambaa cheupe kwa usiku mmoja, na uangalie asubuhi. Kikiacha doa la buluu, kingeacha doa hilohilo kwenye paji lako siku ya mkutano.

Mwisho kuhusu mtindo ni mwanga. Giza hapa huingia kwa haraka baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima, na ukanda mwembamba unaoakisi taa za magari, ukishonwa kisogoni chini ya helmeti, hauharibu sura ya kofia. Haubadilishi ulazima wa taa ya nyuma.

Ninunue mpya, mtumba, au nimwagize fundi?

Kofia za mitumba za baiskeli hujitokeza Gikomba na Toi mara kwa mara, nyingine zikiwa za timu za Italia au Ubelgiji zilizokwisha kuvunjwa, na ni raha kuzisaka. Kagua lastiki kwa kuivuta: ikitoa mlio wa kukatikakatika, imekufa, ingawa fundi huibadilisha kwa dakika chache. Kwenye mtumba usitegemee dawa ya kufukuza maji, maana imekwisha kufuliwa mara nyingi.

Fundi ni chaguo zuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa kofia hii ni vipande vitatu au vinne tu. Mpelekee kofia ya zamani aifumue na kuitumia kama kielelezo, na mpatie nailoni ya mwavuli ulioharibika kwa ajili ya sehemu ya juu. Mwavuli mmoja hutoa zaidi ya kofia moja, na kitambaa chake kilishakubaliana na mvua zamani. Kofia mpya ya dukani yenye utando na mishono iliyozibwa huwa ghali kuliko zote, na gharama hiyo ina maana kwa wale niliowataja pekee, wa Limuru na wale wasioruhusiwa kufika kazini na nywele zilizolowa.

Na kwa safari ndefu za nje ya jiji?

Chukua mbili. Anayeteremka kwenda Magadi hupita Kona Baridi, ambayo haikupewa jina hilo kwa mzaha, akiwa na kofia ya sufu iliyofunika masikio, na saa chache baadaye yuko kwenye bonde, takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, akitamani hata ile nyembamba ilowe maji. Kwa safari hiyo kofia ya pamba ina nafasi yake: imwagie maji, ivae, na upepo utakupoza. Ile isiyotumika ikunjwe kwenye mfuko wa mgongoni, ukingo ukielekea juu usivunjike.

Jua la nyanda za juu nalo lisidharauliwe kwa sababu ya ubaridi wa hewa. Mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kofia haifuniki pua wala shingo yote, kwa hiyo mafuta ya kukinga jua bado yanahitajika.

Nitaifuaje?

Kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo huziba vitundu vya utando na kuua uwezo wa kufukuza maji. Usiukamue ukingo. Ivishe juu ya bakuli au sufuria iliyofunikwa kifudifudi na uiache kivulini ikauke ikiwa na umbo la kichwa. Matone yakiacha kujikunja juu ya kitambaa, funika kofia kwa taulo jembamba na uipitishie pasi ya moto mdogo. Joto huamsha dawa iliyobaki, na isipoamka tena, nunua ya kupulizia upake upya. Pamba yenye nta na sufu zisiguswe na pasi.

Je, kofia hii inaweza kuchukua nafasi ya helmeti kwa safari fupi?

Hapana.

Kofia moja hudumu muda gani?

Lastiki ndiyo hufa kwanza, kisha rangi, na mwisho ukingo. Kofia inayovaliwa kila siku ya kazi na kufuliwa kila wiki huhitaji lastiki mpya baada ya mwaka mmoja au miwili. Ninayo moja ya pamba ambayo imebadilishwa lastiki mara tatu na ukingo mara moja, na fundi wangu ameanza kuuliza ni sehemu gani hasa bado ni ile niliyoinunua.